Kafu Moja kwa Wodi Nzima: Maneno kwa Maintani wa Kliniki ya Lupasi ya Watoto

Juzi kwenye raundi nimefungua faili la mtoto wa miaka minane mwenye lupasi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Presha 120/80, na pembeni mwandiko mzuri kabisa: "kawaida". Sikumgombeza mtu. Nilikwenda kunywa chai kwanza. Chai haikusaidia, ndiyo maana naandika.

1. 120/80 ni presha ya baba yako. Mtoto wa chini ya miaka 13 husomewa kwenye jedwali kwa umri, jinsia na urefu. Kuanzia miaka 13, 130/80 tayari ni ya juu. Jedwali liko nyuma ya mlango. Mliobandika kalenda ya Simba juu yake, ibandueni.

2. Kafu, ule mkanda wa kupimia presha unaofungwa mkononi. Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa intani, yaani udaktari wa mafunzo, tulikuwa na binti wa miaka tisa, lupasi imeshafika kwenye figo, uso umejaa kwa prednisolone, dawa ya kutuliza lupasi, mpaka wenzake wodini wakamwita "Andazi", naye anacheka nao. Kafu ya watoto ilikuwa imefungiwa kabatini mwa sista kiongozi. Kuipata ni kwenda mwisho wa korido ukaombe ufunguo kwa unyenyekevu. Mimi nilikuwa na vitanda ishirini na mbili na njaa. Nikachukua ya watu wazima, ikaumeza ule mkono mwembamba kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko. 112/70. Nikaandika. Kesho yake 110/70. Nikaandika tena, na moyoni nikajisifu kwamba figo zimetulia.

Siku ya tatu mama yake akanifuata: "Dokta, mwanangu kichwa kinamuuma, anasema anaona ukungu." Nikamjibu, na hadi leo naisikia sauti yangu mwenyewe, "Mama, presha yake nzuri sana, mpe Panadol anywe na maji mengi." Akasema, "Haya dokta, asante." Saa kumi alfajiri mtoto akashikwa na degedege. Sista wa zamu, mtu mzima aliyebakiza miezi kustaafu, akachomoa kafu ya watoto mfukoni mwake (kumbe alikuwa na yake siku zote) akapima: 162/110. Hakunisema hata neno. Aliandika tu namba yake mbaya chini ya namba zangu nzuri.

Kafu kubwa kuliko mkono husoma chini. Swali hilo nililipata kwenye mtihani.

Alipona. Presha ilishushwa polepole, maana ukiishusha kwa pupa unaunyima ubongo damu, na macho yakarudi. Siku ya kuruhusiwa mama yake aliniletea mkungu wa ndizi kunishukuru. Niliwapa wahudumu. Sikuweza kula hata moja.

Kwa hiyo: mpira wa ndani ya kafu uwe na upana usiopungua asilimia 40 ya mzunguko wa mkono, na urefu unaouzunguka kwa asilimia 80 hadi 100.

3. Haidroksiklorokwini, dawa ya kila siku ya lupasi, isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku, macho yachunguzwe, na isikatwe eti kwa kuwa mtoto "amepona".

4. Kila mwaka anakuja mwerevu mmoja anayetaka kila mtoto wa lupasi apewe statini, dawa ya kushusha kolesteroli, ili kulinda mishipa. Hofu yake naielewa: huko Pittsburgh, mwaka 1997, ilionekana kwamba wanawake wenye lupasi wa miaka 35 hadi 44 walipata shambulio la moyo zaidi ya mara 50 kuliko wenzao wasio nayo. Lakini jaribio la APPLE lilishafanyika Amerika Kaskazini: vijana 221 wa miaka 10 hadi 21, atorvastatin (statini mojawapo) au kidonge kitupu kisicho na dawa kwa miaka mitatu, wakipimwa unene wa ukuta wa mishipa ya shingoni. Matokeo ya 2012 hayakuonyesha tofauti ya kutosha kumpa kila mtu. Mishipa inachomwa na lupasi yenyewe, na presha, na protini inayovuja kwenye mkojo, na prednisolone yetu tunayosahau kuipunguza. Dipstiki ya kupima protini kwenye mkojo kila kliniki, jamani. Ni kijiti tu.

5. Wenye miaka kumi na tano wanadanganya. Mmoja alikuwa anakunywa prednisolone wiki ya kliniki tu, nyingine zimeshonewa ndani ya mto. Mama aligundua siku ya kufua. Nilipomuuliza akasema, "Dokta, wewe ungekubali kwenda shule na uso huu?" Sikuwa na jibu. Mtumeni mama akashike foleni ya dawa, kisha muulizeni mtoto taratibu, na ujauzito pia kabla ya kumwandikia enalapril, dawa ya presha inayodhuru mimba. Mwenye kingamwili za kugandisha damu asipewe vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni.

6. Chumvi ya chipsi na presha. Mnajua.

7. Waandikieni walimu kwamba ugonjwa ukitulia mtoto anaruhusiwa kucheza, kivulini, maana jua huichokoza lupasi.

Kafu za watoto ziko droo ya kwanza, saizi tatu. Droo haina ufunguo. Kitasa niliking'oa mwenyewe. Ile ndogo kabisa haishiki vizuri, ifungeni plasta mpaka Jumatatu.