Viza ya kazi, hesabu ya siku na kiapo cha uraia: majibu kwa wasomaji

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanatoka kwa watu walio njiani: wameshahama, wana kazi, na sasa ni karatasi zinazowanyima usingizi. Nimechagua sita. Kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo ninapotaja siku au miaka nataja na nchi yenyewe.

Kampuni imepunguza wafanyakazi na mimi nimo. Viza yangu inamtegemea mwajiri huyo. Nianze kufungasha?

Pole sana, ndugu yangu. Usifungashe leo, lakini usipoteze hata wiki moja. Marekani, mwenye viza ya H-1B, ile ya kazi kwa wataalamu wa kigeni, aliyeachishwa kazi huwa na hadi siku 60, au mpaka kibali chake kiishe, lolote litakalotangulia. Ndani ya muda huo mwajiri mpya anaweza kukuombea, au wewe mwenyewe ukaomba kubadilishiwa aina ya viza. Uingereza, mwajiri anawajibika kuiarifu serikali kwamba umeondoka, kisha unaandikiwa barua ya kufupisha viza yako, na kwa kawaida unabakiziwa siku 60.

Wengi wanaumia hapa: wanadhani malipo ya kuachishwa kazi yanaisogeza mbele tarehe ya ajira kukoma. Hayaisogezi. Kabla hujatia saini barua yoyote, muulize mwajiri kama siku yako ya mwisho kazini inaweza kusogezwa hata kwa wiki chache. Wapo wanaokubali, na kwa mtu mwenye viza wiki hizo zina thamani kuliko fedha za mkupuo.

Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, pasipoti ina matatu, na shahada yangu imekosewa herufi moja. Nifanyeje?

Dada yangu, ofisa atakayefungua jalada lako hakujui. Akiona majina matatu tofauti, mbele yake wamesimama watu watatu. Ifanye pasipoti kuwa msingi: fomu zote zifuate pasipoti, herufi kwa herufi. Kisha mwendee wakili akuandalie hati ya kiapo inayosema kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, na utaje kila hati kwa jina lake. Kama chuo kinaweza kutoa shahada iliyosahihishwa, anza kuifuatilia sasa, maana huchukua muda.

Tena kuna kisanduku kwenye fomu nyingi kinachouliza majina mengine uliyowahi kutumia. Watu hukiacha wazi kwa kudhani ni cha waliobadili jina baada ya ndoa. Kijaze, weka hata lile jina lililokosewa herufi.

Kuna mtu ananiuzia kazi pamoja na viza. Anasema ana mtu wake ubalozini.

Huyo ni kishoka. Usimpe fedha wala pasipoti yako. Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni, na yeyote anaweza kuisoma bure. Anza kwa kulitafuta humo jina la hiyo kampuni, halafu wasiliana na kampuni yenyewe kwa anwani uliyoipata mwenyewe, si aliyokupa yeye.

Nimeishi hapa miaka mitano lakini nasafiri mara kwa mara. Je, nimetimiza masharti ya uraia?

Pengine bado, maana kinachoangaliwa si miaka peke yake. Canada inataka uwe umekuwapo nchini kwa siku 1,095 katika miaka mitano kabla ya kuomba. Siku ulizoishi kihalali kabla ya kupata ukaazi wa kudumu huhesabiwa nusu nusu, na hazizidi 365. Marekani, kwa njia ya kawaida, ni miezi 30 ndani ya miaka mitano, na safari moja iliyozidi miezi sita inaweza kukuletea maswali hata kama jumla imetimia. Uingereza, kwa njia ya miaka mitano, haitarajii uwe nje zaidi ya siku 450, na katika mwaka wa mwisho zisizidi 90. Tena ni lazima uwe ulikuwa ndani ya nchi siku ile ile, miaka mitano kabla ya ombi lako kupokelewa. Sharti hilo moja limewaangusha watu waliotimiza mengine yote.

Mimi nilijaza safari zangu kwa kumbukumbu, na fomu ikarudishwa kwa sababu tarehe moja haikulingana na muhuri wa pasipoti. Tangu hapo naandika kila safari siku ninayorudi: nimetoka lini, nimeingia lini, kwa ndege gani. Na usiombe siku hesabu inapotimia kabisa. Jiongezee wiki kadhaa.

Niliwahi kunyimwa viza ya nchi nyingine. Nikinyamaza watajua?

Sema. Nchi nyingi hupeana taarifa, na kunyimwa viza si kosa. Kuficha ndiko kosa: Canada inaweza kukufungia kwa miaka mitano kwa kutoa maelezo ya uongo, na Uingereza hadi miaka kumi. Andika nchi, mwaka, sababu uliyopewa, na kilichobadilika tangu wakati huo. Mistari minne inatosha.

Nikila kiapo cha uraia mpya, ule wa kuzaliwa unapotea?

Swali hili lina pande mbili, na watu huuliza upande mmoja tu. Ujerumani, kwa mfano, tangu 27 Juni 2024 haidai uukane uraia wako wa awali. Lakini ruhusa ya Ujerumani haiifungi nchi yako ya kwanza. Kenya inaruhusu uraia pacha kwa raia wa kuzaliwa tangu Katiba ya 2010. Tanzania na India haziruhusu: mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, ule wa awali unakoma.

Kwa hiyo soma sheria zote mbili kabla ya kiapo. Ardhi, urithi, haki ya kupiga kura na haki ya kurudi kuishi bila kibali vyote vinaweza kuguswa. Kama una watoto, uliza na habari zao siku hiyo hiyo, kwani sheria inayomhusu mtoto mara nyingi si ile inayokuhusu wewe, na baadhi ya nchi humtaka achague mwenyewe anapofikia utu uzima.