Sauti ya nne ilipotea: nilivyojifunza kulinganisha spika za masikioni za bei ndogo

Juzi usiku kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nina elfu arobaini, nataka spika za masikioni za Bluetooth zenye sauti nzuri. Nichukue zipi?" Maswali ya namna hii huniijia kila wiki na huwa nayajibu kwa mstari mmoja. Lakini huyu aliongeza kwamba anataka kuzitumia kumiksi nyimbo za kwaya yao, yaani kuzichanganya na kuzisawazisha sauti zilizorekodiwa. Nikaiweka simu chini. Nimekaa na jambo hili moyoni miaka miwili, leo naliandika.

Mwaka juzi kwaya moja ya hapa Dar es Salaam ilinipa kazi ya kumiksi nyimbo sita. Sikuwa na spika za studio wala hedifoni. Nilikuwa na kompyuta, nia, na spika za masikioni nilizozinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa shilingi 35,000. Pale dukani muuzaji alinipigia singeli. Mdundo ulinigonga nikausikia mpaka kwenye meno. Akanipa na nyingine nijaribu, ikasikika imepoa, nikamrudishia papo hapo. Boksi la zile nilizochukua liliandikwa milimita 13, upana wa spika ya ndani, kwa maandishi makubwa, na muuzaji akanihakikishia kwamba spika ikiwa kubwa sauti nayo inakuwa kubwa na nzuri. Nikaamini. Nilitoka pale natembea kama mtu aliyenunua gari.

Wiki tatu nilikesha na zile nyimbo. Wanaoimba kwaya wananielewa: sauti ya nne ndiyo msingi, wale wanaume wanaoshuka chini mpaka kwenye hetzi (mitetemo kwa sekunde) 80 na kitu. Kila nilipoifungua, ilivuma masikioni mwangu na kuifunika sauti ya kwanza. Nikaipunguza. Bado inavuma, nikakata kila kilichokuwa chini ya hetzi 200. Hapo kila kitu kikakaa sawa, kisafi kabisa. Nikalala nikiwa na furaha.

Uzinduzi ulikuwa Jumapili baada ya ibada. Spika mbili kubwa zimesimama mbele, watu wamejaa. Wimbo wa kwanza ukaanza, sauti ya kwanza ikaingia, ya pili ikafuata, ya tatu nayo. Wale wanaume wa sauti ya nne walikuwa wamekaa mstari wa nyuma, wamevaa sare za kitenge cha kijani. Mmoja aliinua kichwa akaitazama spika, kisha akamtazama jirani yake. Walikuwa wanasubiri kujisikia, na hawakuwamo. Wimbo mzima ulilia mwembamba kama redio ndogo ya betri. Mwalimu wa kwaya akachukua kipaza sauti akasema mbele ya watu wote, "Tunaomba radhi, fundi wetu ametuangusha." Nilitoka kwa mlango wa pembeni. Malipo yaliyobaki sikuyadai.

Nimewahi kumlaumu yule muuzaji, nimewahi kumlaumu mwalimu kwa kunisema hadharani, na sehemu ya pili bado inaniuma. Ila ukweli ni kwamba zile spika zilikuwa zimeongezewa besi kiwandani. Uvumaji niliokuwa naukata ulikuwa wa spika zangu, haukuwa wa wanakwaya. Nilichukua dosari ya kifaa nikaitoa kwenye koo za watu.

Na dukani nilidanganywa na masikio yangu mwenyewe. Sikio la binadamu halisikii besi na sauti za katikati kwa kipimo kimoja. Watafiti Fletcher na Munson walilionyesha hilo tangu 1933: sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo inayopotea kwanza, ukiipandisha, besi inarudi. Kwa hiyo ukiweka jozi mbili mbele yako na moja inapiga kwa nguvu kidogo tu kuliko nyenzake, hiyo utaiona ina mdundo, imejaa, ina uhai. Tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja au mbili inatosha. Hutasema "hii ina sauti kubwa", utasema "hii ni nzuri". Ile jozi niliyoirudisha kwa kuiona imepoa, labda ndiyo ingeniokoa.

Sasa nikilinganisha nafanya hivi. Nina rekodi ya mke wangu akihesabu moja mpaka ishirini, niliyoirekodi chumbani kwetu. Sauti yake naijua kuliko wimbo wowote. Navaa jozi ya kwanza, naweka sauti mahali ambapo anasikika kama amekaa mezani anaongea nami. Navaa ya pili, nashusha au napandisha mpaka afike palepale. Hapo ndipo naanza kusikiliza muziki, na mahali pa sauti nakumbuka kwa kila jozi. Ukilinganisha bila kusawazisha ukubwa wa sauti, hujalinganisha kitu.

Kabla ya hapo, vimpira vinavyoingia sikioni. Watu wanavidharau sana hivi vipande vya mpira. Ndani ya boksi huwa kuna saizi tatu, na wengi wanabaki na ile iliyokuja imevaa. Kimpira kikiacha mwanya, besi inatoka yote, unabaki na kelele za juu. Bonyeza spika taratibu kuelekea ndani ya sikio wimbo ukiwa unaendelea: besi ikiongezeka ghafla, saizi si yako. Mimi sikio la kulia natumia kubwa, la kushoto ya kati. Niligundua hilo mwaka jana tu, na nimevaa vitu hivi tangu nikiwa sekondari!

Mwezi uliopita niliketi na jozi tatu: zile za Aggrey, QCY T13 ambazo ni za Bluetooth, na moja ya waya ya shilingi 15,000. Nikazipigia rekodi ileile ya kwaya, kabla ya mkono wangu kuiharibu. Za Aggrey zilivuma vilevile, herufi "m" ya wanaume ikameza maneno yao. T13 zina spika ya milimita 7.2, karibu nusu ya zile, na kwa masikio yangu besi ipo ya kutosha lakini maneno yanabaki wazi. Halafu zina programu ya simu ambayo unaweza kurekebisha sauti mwenyewe. Zile za waya, za bei ya chini kuliko zote, ndizo zilizoniwekea sauti nne mahali pake. Nilimsikia hata mzee mmoja wa sauti ya nne anavuta pumzi kabla ya kiitikio. Nilizitoa masikioni nikakaa kimya kidogo.

Habari za kodeki, yaani njia za kubana sauti ili ipite kwenye Bluetooth, mtanisamehe, nazipita haraka. SBC iko kwenye kila kifaa cha muziki cha Bluetooth, AAC inafaa kwa iPhone, LDAC ya Sony inabeba data nyingi zaidi kwa simu za Android zinazoikubali. Ila spika iliyotengenezwa kuvuma itavuma kwa kodeki yoyote. Na usipime sauti ukiwa kwenye simu au mkutano, kwa sababu maiki ikifunguka Bluetooth inahamia njia ya maongezi na muziki unashuka ubora.

Ndugu zangu, tuache kununua mdundo wa dakika moja ya dukani. Nenda na wimbo wako kwenye simu yako, wimbo wenye watu wanaoimba, usikubali kupigiwa wimbo wa muuzaji. Sikiliza maneno, besi iache ije yenyewe. Na usipandishe sauti mpaka mwisho ili upate raha, maana Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa ndio mpaka wa mtu mzima, na ukivuka hapo unalipa kwa masikio. Hayo hayauzwi Kariakoo.

Mdogo wangu wa Mwanza, kwa elfu arobaini yako chukua za waya za kufanyia kazi, zitakazobaki ndizo utafutie za Bluetooth za kutembelea. Ukimaliza kumiksi, kasikilize kwenye spika za kanisani siku ya katikati ya wiki, pakiwa hapana watu, na umwite mmoja wa sauti ya nne asimame nawe.

Zile nyimbo sita nimezimiksi upya. Nimekaa nazo kwenye flashi tangu Machi. Mwalimu wa kwaya bado sijampigia.