Jina la Kiasia mlangoni lisikutishe

Mkuu, umeuliza kama mashirika ya Waasia hapa Seattle yanaweza kumsaidia mama yako kuomba uraia, au mtarudishwa mlangoni kwa kuwa nyinyi ni watu wa Kigoma. Hamrudishwi. Mimi mwenyewe nilikuwa na woga huohuo, na ulinigharimu.

Nilianzia kwa Mbongo mwenzetu anayejaza fomu sebuleni kwake. Dola 600, risiti hakuna. Fomu ya N-400, ile ya kuomba uraia wa Marekani, inataka kila safari ya nje iliyozidi saa 24 kwa miaka 5 iliyopita. Jamaa akaandika mama yangu hajasafiri, wakati alikwenda msibani wiki sita na mihuri imo kwenye pasipoti! Nashukuru niliisoma kabla ya kuituma.

Jirani yetu Mfilipino ndiye aliyetuelekeza ACRS (Asian Counseling and Referral Service), shirika la Waasia lililopo barabara ya Martin Luther King Jr., upande wa kusini mwa jiji. Wapo tangu 1973. Waliwalenga Waasia na watu wa visiwa vya Pasifiki, ila siku ile pale kwenye viti nilisikia hadi Kisomali. Dada aliyetuhudumia alifungua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, ncha ya kalamu juu ya kila muhuri, akiuliza: hapa ulikwenda wapi, ulirudi lini? Mkalimani alikuwa kwenye simu, lafudhi ya Bukavu kabisa. Mama akaanza kumsimulia msiba mzima mpaka nikamgusa goti.

Hapo ndipo tukaambiwa jambo ambalo yule wa sebuleni hakulitaja: ukiwa na miaka 55 na umekaa na grini kadi miaka 15, mtihani wa uraia unaufanya kwa lugha yako, si lazima Kiingereza. Mama alikuwa ameshakesha miezi na kamusi, maskini.

Huduma yao ni bure, ila ada ya serikali ipo palepale; sisi ilikuwa dola 760. Kipato kikiwa kidogo, waulize kuhusu fomu ya I-912, ya kuomba kusamehewa ada hiyo. Na popote uendako, uliza kwanza kama anayekujazia ni wakili au ameidhinishwa na Wizara ya Sheria. Akianza kuzunguka, ondoka.

Wana chakula cha msaada pia. Mama alipewa mchele na tofu, ile ya maharage ya soya, akadhani ni jibini. Kaiunga na nyanya na vitunguu, tukala.

Pasipoti beba zote, hata zilizokwisha muda.