Maswali na Majibu: Wanasayansi wa Karne ya 19

Ni kweli Michael Faraday hakwenda shule? (Mwanafunzi, Morogoro)

Alikwenda, ila kidogo tu. Baba yake alikuwa mhunzi, fedha hazikuwepo. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kujalidi vitabu jijini London, akawa anavisoma vilevile alivyopewa kushona. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaandika alichosikia, akayajalidi maandishi yale na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wake. Hesabu zilimpiga chenga maisha yake yote. Mwanafizikia James Clerk Maxwell ndiye aliyekuja kuyaweka mawazo ya Faraday kuhusu umeme na sumaku katika milinganyo.

Robert Koch, yule wa vijidudu vya TB, aliwahi kufika huku kwetu? (Muuguzi, Mwanza)

Aliwahi, tena zaidi ya mara moja. Ile tarehe 24 Machi tunayoadhimisha Siku ya Kifua Kikuu Duniani ndiyo siku aliyotangaza ugunduzi wake mjini Berlin, mwaka 1882.

Mwaka 1906 alikuja kutafuta tiba ya malale, akapiga kambi katika visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Ugonjwa huo wa mbung'o ulikuwa unamaliza watu. Koch aliwachoma wagonjwa sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki. Mwanzoni vimelea vilitoweka kwenye damu na watu wakapata nafuu, kisha ugonjwa ukarudi. Akaongeza dozi. Baadhi ya wagonjwa wakapofuka, na macho hayakurudi. Wanaomsifu Koch hutaja Nobel yake ya 1905, Ssese wakaipita mbio. Mimi naona ukitaja Berlin, taja na Ssese.

Mendel alipuuzwaje na ushahidi alikuwa nao? (Mwalimu wa Bayolojia, Kisumu)

Alikuwa nao tele, mtawa huyu Gregor Mendel aliyechunguza jinsi sifa zinavyorithiwa toka mzazi hadi mtoto. Katika bustani ya monasteri huko Brno alipanda njegere kuanzia 1856 hadi 1863. Kwenye jaribio moja alihesabu punje 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, karibu tatu kwa moja. Nadhani hizo hesabu ndizo zilizowashinda wenzake, maana wataalamu wa mimea wa siku zile hawakuzoea uwiano. Makala yake ilitoka 1866, akafariki 1884, na kazi yake ikafufuliwa 1900. (Na Mendel huyohuyo, mwalimu uliyeuliza, aliwahi kufeli mtihani wa kupata cheti cha ualimu.)

Nasikia Darwin alifundishwa na mtu mweusi. Kweli au porojo? (Msomaji, Tanga)

Kweli. Ni John Edmonstone, aliyewahi kuwa mtumwa Guyana, kisha akaishi Edinburgh akiwa huru na kufanya kazi ya kukausha ndege na kuwajaza. Mwaka 1826 Darwin, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alimlipa amfundishe kazi hiyo. Ufundi huo ulimfaa sana kwenye safari ya meli ya Beagle. Ila wanaosema nadharia yake ya mageuzi, kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo vizazi kwa vizazi, nayo aliipata kwa Edmonstone, hao ndio wenye porojo.