Maneno Magumu ya Kiingereza Hayanikai Kichwani

SWALI: Naongoza watalii hapa Lamu. Kiingereza cha kawaida nakimudu, sasa nataka maneno ya juu. Nimenakili maneno 300 daftarini, kila moja na maana yake ya Kiswahili, lakini wiki mbili baadaye nakumbuka machache tu. Juzi niliwaambia wageni kuwa milango yetu ni “notorious”, wakatazamana. Daftari langu linasema ni “mashuhuri”. Nimekosea wapi?
Msomaji, Langoni

JIBU: Ndugu, maana uliyoandika ni nusu. “Notorious” ni mashuhuri kwa ubaya, kama jambazi au kona inayoua madereva. Milango yenu ni “renowned”, yaani mashuhuri kwa uzuri. Neno la juu mara nyingi huwa na sifa au lawama ndani yake, na tafsiri ya neno moja huificha. Kabla ya kuliandika, soma sentensi tatu zinazolitumia uone linaandamana na nini. “Intricate”, yaani yenye vipengele vidogo vingi vilivyofumana, kwa mfano, hupenda kukaa na nakshi, mapambo na mipango. Mtu haitwi “intricate”.

Daftari liweke kando. Kata manila vipande vya kutosha kiganjani, maneno 10 kwa wiki, yasizidi. Mbele andika sentensi yenye pengo: “The door has i______ carvings.” Nyuma andika neno na maana. Litamke kwa sauti kabla ya kugeuza kadi, maana kupitisha macho kwenye orodha kunahadaa: jicho linalitambua neno, ulimi haulipati. Rudia siku ya 1, 3, 7, 14 na 30. Neno likikuponyoka, kadi yake ianze upya siku ya 1.

Pigia mstari silabi yenye mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana ulimi wetu hukimbilia in-TRI-cate. Kiingereza chataka IN-tri-cate, na ukikosea hapo mgeni huenda asilitambue neno hata kama maana umeipata.

Mizizi nayo husaidia kukumbuka. Ndani ya “dilapidated”, yaani iliyochakaa hadi kubomoka, mna “lapis”, jiwe kwa Kilatini; ukipita penye nyumba kuukuu ya mawe ya matumbawe, utalikumbuka. Ila mzizi usiufanye ndio maana. Kibanda cha makuti hakina hata jiwe moja, na kikichakaa huitwa “dilapidated” vilevile.