Punje za njano kwenye mahindi meupe

Kaka wa Urambo uliyeuliza kwa nini mahindi yako meupe yametoa punje za njano, usimlaumu muuza mbegu. Umesema jirani alipanda mahindi ya njano ng'ambo ya mfereji, jibu ndilo hilo. Chavua ya mbelewele zake ilipeperuka ikatua kwenye nywele za mahindi yako.

Mimea ya maua ina utungisho maradufu, jambo alilolieleza Nawaschin, mtaalamu wa mimea wa Urusi, mwaka 1898. Chavua moja huleta mbegu mbili za kiume. Moja huungana na yai, ikawa kiinitete, yaani mmea mchanga ndani ya punje. Ya pili huungana na viini viwili vya mama, ikawa endospemu, yaani ile sehemu ya wanga tunayosaga unga. Kwa hiyo kiinitete cha muhindi kina kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya kila seli) 20, ila unga wenyewe una 30: 20 za mama, 10 za baba. Baba anaonekana kwenye punje msimu huohuo, hasubiri mwakani! Tena angalia, njano yako imefifia kuliko ya jirani, kwa sababu umepata dozi moja tu ya rangi, ile ya baba, kati ya tatu.

Aliyeuliza kama kromosomu kuongezeka ni ugonjwa: hapana. Tumbaku yenu hapo Urambo ina 48, imetokana na mimea miwili ya Amerika Kusini yenye 24 kila mmoja, ikachanganyika na kujumlisha zote. Karanga nazo ni hivyohivyo, 20 na 20.

Mwakani pishana na jirani wiki tatu au nne kupanda. Hizo punje za njano, kula tu.