Kunguru anaruhusiwa kuchangia: jibu kwa aliyeuliza kuhusu Mastodon

Mkuu, umesema ulihamia Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana na X, baada ya X kuzuiwa hapa Tanzania Mei 2025, ukakuta mtu anayejiita Mwezi akibishana na Joka kuhusu bei ya umeme. Sasa unauliza kama mahali pa namna hiyo panaweza kuwa na mjadala wa watu wazima, na kama uingie kwa jina lako la kwenye cheti. Panaweza, na jina la cheti si lazima. Ila kuna jambo moja la kumpima nalo mtu anayeigiza, nitalifikia.

Mimi kule naigiza kunguru. Yule mwembamba mwenye shingo ya kijivu, anayemsubiri muuza samaki ageuke. Kwenye wasifu nimeandika neno moja tu, "Sifugiki". Shughuli yangu ni kulalamika: chipsi za Forodhani, Unguja, hazina chumvi, watalii wamekuwa wachoyo, paka wamejaa mjini na hakuna anayewaita wavamizi. Nilianza kwa utani, nimechoka na watu wanaotanguliza vyeo kabla ya hoja.

Mwaka 2024 Kenya ikatangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Wafuasi wangu, wengi wao wa Ulaya na Marekani, wakanivamia: Kunguru, umesikia? Nikaandika wosia, nikawaachia binamu zangu jalala la Malindi. Watu wakacheka. Katikati ya kicheko akaingia Mjerumani mmoja na hasira za kweli: kwa nini Waafrika wanawalisha ndege sumu? Kwenye mtandao mwingine hapo pangewaka, maana neno "Waafrika" peke yake lingetosha kutupeleka usiku kucha. Kunguru akamjibu kwamba yeye mwenyewe si Mwafrika, babu yake aliletwa kutoka Bara Hindi. Kisha nikaandika "sasa anaongea mtu" na kueleza bila mzaha: ndege hawa waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale takataka, wakaenea pwani nzima, wanakula mayai na makinda ya ndege wa kienyeji, na mwenye vifaranga vya kuku uani anawajua vizuri.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nikujibu kwa urefu. Mholanzi mmoja akamwambia Mjerumani kwamba hata kwao, Hoek van Holland, kunguru hawahawa walijitokeza bandarini miaka ya 1990 na baadaye wenye mamlaka wakaamua waondolewe. Mtaalamu wa ndege akaeleza sumu yenyewe, Starlicide, inavyofanya kazi polepole hadi ndege akafie kwenye mti anaolala. Mtu wa Malindi akauliza swali bora kuliko yote: mkiua kunguru mkaacha jalala, mmefanya nini? Mjerumani hakukubali, lakini alibaki akiuliza, na maswali yake yakawa mazuri zaidi kila alipojibiwa.

Sidai utani ndio uliofanya kazi yote. Uliondoa bendera: ni vigumu kumtukana kunguru kwa sababu ya nchi yake. Lakini kulikuwa na mambo mengine mawili. Kwanza, kunguru wangu alikuwa na historia. Watu walikuwa wamemsoma muda mrefu, wakajua akisema jambo la kweli halitungi. Pili, ni ujenzi wa mahali penyewe. Mastodon, aliyoianzisha Mjerumani Eugen Rochko mwaka 2016, inapanga machapisho kwa wakati, la karibuni juu, na hakuna mashine ya kusukuma mbele lililowaudhi watu wengi. Una herufi 500, zinatosha kutoa sababu. Na kwa miaka mingi haikuwa na namna ya kunukuu chapisho la mtu ili umcheke mbele ya wafuasi wako. Kunukuu kulikuja 2025, tena mwenye chapisho ndiye anayeamua nani amnukuu. Mimi naona wangeacha kabisa, lakini wengi walikuwa wanakililia.

Halafu kuna suala la seva, yaani kompyuta zinazobeba akaunti zetu, na hapa ndipo wageni wengi wanapochanganyikiwa. Mastodon si nyumba moja. Ni maelfu ya seva zinazozungumza kwa itifaki, yaani lugha ya pamoja ya kompyuta, iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa rasmi na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, Januari 2018, na kila seva ina mwenyewe na kanuni zake. Kulikuwa na seva iliyoitwa oulipo.social ambako herufi "e" ilipigwa marufuku, na nyingine, dolphin.town, ambako ulichoruhusiwa kuandika ni "e" tu. (Jaribu Kiswahili bila "a" uone cha moto.) Unaweza kuona upuuzi, lakini mchezo wa namna hiyo unamlazimisha mtu afikiri kabla ya kuandika. Uhuru huohuo una meno pia: mtandao wa Gab, uliojulikana kwa wabaguzi wa rangi, ulipohamia programu ya Mastodon Julai 2019, seva nyingi zilikata mawasiliano nao. Hakukuwa na mkuu wa kuombwa ruhusa.

Kuhusu jina la cheti: wanaodhani jina halisi linaleta adabu wawatazame Wakorea. Korea Kusini ililazimisha tovuti kubwa kuthibitisha utambulisho wa wachangiaji kuanzia 2007. Mwaka 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watu wapatao milioni 35 kutoka kampuni moja ya huko, na Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo. Facebook nayo ilifungia akaunti za wasanii wa jukwaani waliotumia majina yao ya sanaa mwaka 2014, ikaishia kuomba radhi. Na wewe, mkuu, umetazama matusi ya Facebook yanavyomwagwa na watu wenye picha za harusi zao kwenye wasifu? Jina halimpi mtu haya asiyokuwa nayo.

Sasa lile jambo. Mwigizaji wa kuaminiwa ni yule anayeweza kuvua ngozi akiulizwa. Kwenye seva niliyokuwamo awali kulikuwa na mmoja aliyejifanya mganga wa baharini, mchekeshaji hasa, anatibu mapenzi kwa ngozi ya pweza. Siku moja mama mmoja akamwuliza kwa dhati kuhusu mtoto mwenye homa. Mganga akaendelea kuwa mganga. Tulimwambia hapa toka kwenye uigizaji, mwelekeze hospitali. Akajibu kwa methali na moshi wa ubani. Tukamripoti. Msimamizi akaweka kanuni: mambo ya afya, fedha na sheria yakija, kila mhusika anaongea kama mtu. Mganga akahama akidai tumeua sanaa. Mimi siioni sanaa inayomwogopa mama mwenye mtoto mgonjwa.

Na kuna wengine wabaya zaidi, wanaovaa ngozi tatu kwa mara moja na kujipigia makofi. Kwenye mitandao iliyogatuliwa kama huu, isiyo na mwenye mmoja, ni rahisi kufungua akaunti kila seva, kwa hiyo ukiona Paka, Bahari na Babu Mzee wanakubaliana kila neno, na wote wamefunguliwa mwezi mmoja, usipoteze muda wako kujibishana nao. Umri wa akaunti na majibu yake ya zamani vitakwambia zaidi kuliko picha.

Kwa hiyo chagua jina unaloweza kulibeba miaka, si la wiki ya kuchangamka. Ukihama seva, Mastodon inakuruhusu kuondoka na wafuasi, lakini machapisho ya zamani yanabaki ulikotoka, na seva ikifungwa yanakwenda nayo. Ndiyo maana kabla ya kujiunga nasoma ukurasa wa kanuni: nani anasimamia, ana wasaidizi au yuko peke yake, gharama zinalipwa na nani, na wamezikata seva zipi. Ukurasa usiotaja msimamizi wala namna ya kumpata, mimi napita.